Jina la Kuazima

Mimba ya kwanza ya Limi ilitoka ikiwa na miezi mitano, shambani kwa mama mkwe wake, katikati ya matuta ya viazi. Ya pili ilitimia. Mtoto akazaliwa, akaishi siku mbili, akaondoka kabla hajapewa jina. Basi alipopata ya tatu, mwaka ule wa themanini na moja, hakumwambia mtu. Masele, mumewe, alijua. Bibi Mageni, mama mkwe wake, alijua pia, kwa kuwa alikuwa wa wale wanawake wasiohitaji kuambiwa. Wengine wote pale mtaani Ngokolo, mjini Shinyanga, waliachiwa waone wenyewe.

Alikuwa na miaka ishirini na miwili na bado aliitwa "mke wa Masele". Wenzake walioolewa naye mwaka mmoja walikuwa tayari wanaitwa kwa majina ya watoto wao, na mmoja alikuwa na watatu. Limi hakuwaonea wivu. Alichotaka ni kimoja tu: mtoto huyu afike, alie, na aendelee kulia kesho yake na keshokutwa.

Mwezi wa pili kibarua cha Masele kilikwisha, akaondoka na wenzake wawili kwenda kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Geita, kushuka ndani ya duara, kama wachimbaji wanavyoliita shimo lao.

"Nitarudi kabla hajazaliwa," alisema akiwa ameshika begi mlangoni.

"Ukichelewa atakuuliza wewe ni nani."

"Nitamwambia mimi ndiye niliyemnunulia shuka."

Shuka lenyewe hakuwa amelinunua. Walicheka, akaenda.

Limi akabaki na vyumba viwili vya kupanga, kuku watatu, na masomo ya jioni. Masomo hayo yalianza saa kumi alasiri katika shule ya msingi, watoto wakishaondoka, na wanawake wazima wakajibana kwenye madawati madogo magoti yakigusa kidevu. Mwaka wa kwanza Limi alikuwa amejifunza kuandika jina lake. Sasa alisoma gazeti lililofungiwa sukari mpaka mwisho, hata pale lilipochanika, na sentensi iliyokatika aliimalizia mwenyewe.

Mwezi wa tatu akaingia mwanafunzi mpya. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mfupi, mweupe wa uso, kanga zake mpya doti nzima wakati ambapo wenzake walipanga foleni siku mbili kupata kipande. Mwalimu alimpa kitabu ajaribu. Akasoma ukurasa wote bila kuvuta pumzi.

"Mwalimu, huyu kakosea darasa," akasema mmoja. "Anasoma kama redio!"

"Herufi ninazo," mgeni akajibu, naye akicheka. "Nimekuja kutafuta mashoga."

Akatupa macho dawati kwa dawati, taratibu, kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Kisha akaja kukaa karibu na Limi.

Aliitwa Mwasiti Shaaban. Mumewe Akida alikuwa mfanyabiashara wa Kahama, mwenye lori lake, na yeye alikuja Shinyanga kutibiwa. Miaka minane ya ndoa, alisema, na hata siku moja hajachelewa kuziona siku zake. Alipanga chumba nyumba ya pili kutoka kwa Limi, akaweka cherehani dirishani. Jioni ile ile ya kwanza waliongozana nyumbani.

"Miezi mingapi?" Mwasiti aliuliza.

"Ya nini?"

"Shoga, mwanamke hashiki kiuno namna hiyo kwa sababu ya kuandika."

Limi aliangua kicheko, na baada ya kicheko akajikuta amesema yote: ya viazini, na ya siku mbili. Hakuwa amemsimulia mtu kwa mpangilio namna ile, tangu mwanzo hadi mwisho. Mwasiti hakumwambia kwamba Mungu atampa mwingine. Alisimama njiani, akalia. Limi alimpenda kwa machozi yale.

Baada ya hapo vitu vilianza kuja. Sukari robo kilo ndani ya kopo. Mche wa sabuni. Mafuta ya kula, mwaka ambao watu walikaangia maji. Mwasiti alikuja asubuhi kufagia, akaja mchana kupika. Limi akiinama kuchota maji alipigwa kibao cha mkono. "Acha! Una kazi moja tu wewe." Majirani wakija kusalimia waliambiwa mlangoni kwamba amelala, na siku nyingine Limi alikuwa macho kabisa kitandani, akisikia, akijisemea kwamba shoga yake anamhurumia.

Bibi Mageni alikuja kutoka kijijini Usanda na gunia dogo la pamba, iliyochambuliwa kwa mkono, ya kushonea godoro la mtoto. Mwasiti akampokea mzigo kizingitini.

"Shikamoo mama. Karibu, jisikie nyumbani."

"Marahaba," alijibu bibi yule, akabaki amesimama. Kisha, walipokuwa wawili jikoni, akamwambia Limi kwa Kisukuma kwamba amezoea kukaribishwa na mkamwana wake katika nyumba ya mwanawe, si na fundi cherehani.

"Ananisaidia, mayu," alijibu Limi, akimwita mama kwa Kisukuma hicho hicho.

"Naona. Amenionyesha hata chumvi mnapoiweka."

Kila Ijumaa Mwasiti alileta uzi. Aliuzungusha tumboni kwa Limi, juu ya kitovu, akaukata na kuufunga fundo ncha. "Tuone kama anakua," alisema. Kweli alikuwa anakua. Limi aliingoja Ijumaa kwa furaha, akinyanyua mikono juu kama mtoto anayepimiwa sare.

Jambo la kadi lilikuja siku ya kliniki ya kwanza. Walikuwa njiani, vumbi likiwapiga usoni.

"Tuandikishe jina langu," Mwasiti alisema, kwa sauti ya mtu anayeshauri kuongeza maji kwenye ugali.

"Lako? Kwa nini?"

"Waliokuharibia mara mbili wanajua jina gani? Limi. Wakienda kwa mganga wao watamtaja nani? Limi. Waache wamtafute. Mwenye mimba ni Mwasiti, mke wa Akida, basi. Mimi nina nini cha kuhusudiwa, shoga?"

Kwao Limi hilo halikuwa jambo geni. Shangazi yake alizaliwa baada ya watoto wanne kufa. Bibi yake akamlaza jalalani, jirani akapita kama kwa bahati, akamwokota na kwenda naye, na jioni akamrudisha kwa kibaba cha mtama, ili kifo kidhani ni mtoto wa mtu mwingine. Shangazi yule mpaka leo yu hai, analima ekari tatu.

Kadi ilipoandikwa, Limi aliisoma mwenyewe, neno kwa neno, maana kusoma alijua. *Jina la mama: Mwasiti Shaaban. Jina la mume: Akida. Anapoishi: Kahama.* Chini yake, nesi aliandika mambo ambayo Limi aliyajibu kwa kweli: mimba ya tatu, ya kwanza ilitoka, ya pili mtoto alifariki. Jina tu ndilo lililokuwa la kuazima. Mwasiti akaichukua kadi ili isilowe, akaitia mkobani, na tangu siku ile Limi aliiona siku za kliniki tu.

Mwezi wa nane, mimba ikiwa imekaza, Mwasiti akaingia asubuhi bila hodi. Alikuwa amekuta kitu kizingitini, alisema. Hakutaka kusema kitu gani. Alikuwa amekwisha kukifukia.

"Jicho limeshakuona. Hapa huzai. Twende kwangu, Nyasubi, Kahama mjini. Mume wangu yuko safarini, nyumba ina ua, hakuna anayekujua. Mkunga ninaye, mama mtu mzima, hana mdomo. Utajifungua, utapumzika arobaini yako, nitakurudisha na mwanao mgongoni."

"Nimwambie mayu kwanza."

"Ukimwambia mmoja umewaambia wote. Mwandikie mumeo, atamwambia yeye. Lete barua nikaitie posta."

Limi aliandika ukurasa mzima, barua ndefu kuliko zote alizowahi kuandika. Aliandika nyumba ilipo, na kwamba asiwe na wasiwasi.

Nyumba ya Nyasubi ilikuwa nzuri, ya matofali ya kuchoma, ukuta mrefu kuzunguka ua. Alipewa chumba cha nyuma chenye kitanda cha chuma. Wiki ya kwanza alikula na kulala. Wiki ya pili alianza kuhesabu mambo. Mwasiti akitoka alivaa buibui pana na kufunga lango kwa kufuli upande wa nje, kwa sababu ya wezi, alisema. Chumba chake mwenyewe kilikuwa kimefungwa daima. Akija mgeni, Limi aliombwa asitoke, kwa ajili ya jicho lile. Na Mwasiti hakuwa tena na machozi wala kicheko. Aliuliza jambo moja tu, asubuhi na jioni: "Bado?"

"Bado, dada."

"Ikianza tu, uniite. Usisubiri."

Asubuhi ya Alhamisi, wiki ya tatu, Limi aliamka na maumivu ya kiuno yaliyokuja yakaondoka, yakaja tena. Alifungua mdomo aite, kisha akaufunga. Hakujua kwa nini. Alisikia Mwasiti akivaa, akisema anakwenda sokoni kutafuta kuku wa supu, kufuli likalia. Maumivu yakarudi, marefu zaidi. Limi akafikiri kwamba kama mambo yatawahi, atahitaji kadi. Akaenda kwenye mlango wa Mwasiti bila matumaini, na akakuta ufunguo umesahauliwa tunduni.

Kadi haikuwemo. Juu ya kitanda ilikuwapo mito mitatu ya kitambaa cha marekani, ya mviringo, mdogo, wa kati na mkubwa, kila mmoja umeshonewa kamba ndefu za kufunga mgongoni. Mmoja mshono wake ulikuwa umefumuka, pamba ikichungulia. Gunia la Bibi Mageni lilikuwa chini ya kitanda, tupu. Na ukutani, kwenye msumari, zilining'inia nyuzi za Ijumaa zote, fupi mpaka ndefu.

Kwenye meza ya cherehani ilikuwapo barua yake kwa Masele. Haikuwa hata imetiwa stempu.

Alisimama pale akishika ukingo wa cherehani. Aliona vitu vyote, lakini akili ilikataa kuviunganisha, kama mkono unavyokataa kuingia kwenye shimo usilolijua. Ndipo akasikia lango likifunguliwa, na sauti nene ya mwanamke.

"Hodi wifi! Nimekuletea sato wa Nkome, kaja na gari la alfajiri, bado macho yanang'aa!"

Limi alitoka haraka, akafunga mlango nyuma yake. Uani alisimama mwanamke mnene mwenye kapu kichwani na ufunguo mkononi.

"Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye binti wa kazi? Mimi Chiku, dada yake Akida. Wifi yuko wapi? Hebu nipokee..." Akaliona tumbo. "Astaghafirullah! Na wewe? Nyumba hii imepitiwa na upepo gani, wote wawili mnazaa mwezi mmoja?"

"Wote wawili?"

"Wewe na wifi yangu! Hee, unamfulia nguo na hujamwona? Ni lile buibui, kila siku buibui, kama anaficha mgomba. Lakini kadi amenionyesha, mihuri mitupu tangu mwezi wa nne. Mimi kusoma sijui, ila muhuri naujua." Chiku alitua kapu, akajipepea. "Kaka yangu maskini! Mganga kasema asimwone mkewe mpaka mtoto atoke, basi akiwa mjini analala kwa rafiki yake. Miaka minane, mwenzangu. Ilikuwa aoe mwingine, posa tayari. Na sasa eti mapacha, wifi anasema tumbo ni kubwa."

Maumivu yakamkamata Limi. Aliinama kuchukua kapu la samaki ili uso wake usionekane.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Jirani wa bibi yake alimwokota mtoto jalalani, na jioni akamrudisha. Huyu hakuwa na nia ya kurudisha. Limi angezaa ndani ya chumba kile cha nyuma, mikononi mwa mkunga asiye na mdomo, na angeambiwa kwamba mtoto amekufa. Nani angebisha? Mtaa mzima wa Ngokolo ungesema tumbo lake halishiki. Hata yeye mwenyewe asingebisha. Angelia, akafunga kanga tumboni, akapanda basi kurudi, na Mwasiti angempa sukari ya njiani.

Alitaka kumwambia Chiku. Lakini angesema nini? Huyu ni dada wa mume, kwake mtoto ni wa ukoo wake, amemngoja miaka minane. Na kadi nayo ilisema kwamba mwenye mimba ni Mwasiti.

"Dada Chiku," alisema, akishangaa sauti yake ilivyotulia, "usifunge lango. Nitoke mara moja nikatupe uchafu."

"Kwani huwa anakufungia?"

"Kwa ajili ya wezi."

Chiku aliguna. "Nenda, mimi namsubiri hapa. Na utembee polepole, mwenzangu. Hilo tumbo limeshuka."

Limi alichukua ndoo ya maganda ili aonekane anakwenda jalalani. Aliitua kwenye kona ya kwanza. Mama aliyekuwa akikaanga maandazi barazani alimwelekeza hospitali: unyooke mpaka soko liishe, halafu uulize tena. Aliponyooka, kila maumivu yalipokuja alisimama na kushika ukuta wa mtu, akihesabu mpaka yapite, na kila buibui jeusi lililotokea mbele lilimfanya ageuze uso. Sokoni alipita kichwa chini, kati ya mafungu ya dagaa. Alisikia sauti ya Mwasiti ikibishana bei ya kuku. Hakugeuka. Alimwambia mtoto kimyakimya kwa Kisukuma, twende, twende, kama mtu anavyoongoza ndama.

Nesi aliyekuwa zamu wodi ya wazazi aliitwa Philomena, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi.

"Kadi?"

"Sina, sista."

"Tumbo la miezi tisa na kadi huna. Ulikuwa unahudhuria kliniki chini ya mti gani?"

"Kadi ninayo. Ina jina la mtu mwingine."

Nesi alishusha miwani, akamtazama vizuri. "Lako ni nani?"

"Limi. Mke wa Masele. Wa Ngokolo, Shinyanga." Ilikuwa wiki ya tatu hajalitamka, na lilimtoka kama la mgeni. "Hii ni ya tatu. Ya kwanza ilitoka. Ya pili aliishi siku mbili. Sista, nisaidie. Akija mtu kunichukua, usinitoe."

"Hapa hatoki mtu mpaka azae," alisema Philomena. Alimpandisha kitandani, akampima, akanawa mikono. "Na utazaa leo. Tulia."

Hawakukawia kufika. Limi alisikia kandambili zikikimbia varandani, kisha Mwasiti akatokea mlangoni akihema, jasho likimtiririka chini ya buibui, tumbo likiwa mbele yake, kubwa kuliko mto wowote uliokuwa kitandani. Nyuma yake alikuja Chiku, naye akihema.

"Wifi, nimekuambia usikimbie na hali hiyo! Msichana wa kazi tu, wa nini?"

"Nesi, samahani sana," alisema Mwasiti, akitabasamu. "Huyu ni binti yangu wa kazi. Uchungu umemvuruga akili. Mkunga wake anamsubiri nyumbani, nimekuja kumchukua. Haya, inuka."

"Siinuki."

"Inuka, binti!"

"Sista, kadi yangu imo kwenye mkoba wake," alisema Limi.

Philomena alinyoosha mkono. Mwasiti aliubana mkoba ubavuni. Alimtazama Chiku, akamtazama nesi, na Limi aliona jinsi alivyotafuta njia katikati ya hao wawili. Mwisho aliitoa kadi mwenyewe.

"Kadi ni yangu mimi. Tazama jina."

"Mwasiti Shaaban," Philomena alisoma kwa sauti, kama afanyavyo nesi yeyote. "Mume, Akida. Mimba ya tatu. Ya kwanza ilitoka kwa miezi mitano. Ya pili mtoto alifariki siku ya pili. Ni wewe?"

"Ni mimi."

Chiku alimgeukia polepole. "Wifi. Umezaa lini wewe?"

Akamsogelea zaidi.

"Miaka minane nakuchemshia mizizi. Umezaa lini, mtoto akafa, tukamzika wapi?"

"Maneno ya ndugu mtayamaliza nyumbani," alisema Philomena. "Mimi kazi yangu ni tumbo. Kadi hii imefika wiki ya thelathini na nane, na haya yaliyoandikwa hapa huyu aliyelala kaniambia kabla hujaingia. Kitanda cha pili kiko wazi. Vua buibui, panda, nikupime."

Mwasiti hakupanda. Aliweka mkono juu ya tumbo lile, akalibonyeza kidogo, na pamba ikabonyea, ikabaki na shimo. Chiku alilia "Yalaa!" akaziba mdomo kwa ukaya wa kichwani.

Kisha Mwasiti akakaa kwenye benchi, bila kutazama mtu.

"Wewe ungepata mwingine," alimwambia Limi, sauti imechoka. "Wewe unashika kila mwaka. Mimi ningepata wapi?"

Limi alisubiri maumivu yapite ndipo akajibu.

"Hao wawili pia niliambiwa nitapata mwingine," alisema. "Sikutaka mwingine. Niliwataka wao."

Mwasiti alianza kulia. Yalikuwa machozi yale yale ya njiani, siku ya kwanza ya masomo, na Limi alitambua kwa uchungu kwamba hata siku ile hayakuwa ya uongo. Mwasiti alililia tumbo lake mwenyewe. Chiku alimwinua kwa kwapa, si kwa ukali wala kwa upole, akamtoa nje. Philomena aliuliza kama aite polisi. Limi hakuweza kujibu, kwa maana mtoto alikuwa anakuja.

Alizaliwa saa tisa alasiri, msichana, akalia mara moja na kwa hasira. Philomena alimnyanyua ampeleke kwenye mzani uliokuwa chumba cha pili.

"Hapana," alisema Limi.

"Ni mzani tu, mama."

"Niende naye."

Hakuruhusiwa kusimama, basi mzani ukaletwa kitandani. Siku hiyo na kesho yake Limi hakumlaza mtoto pembeni hata kidogo. Alikula kwa mkono mmoja. Alisinzia ameketi, na mtu akipita karibu alifumbua macho. Mama wa kitanda cha jirani alipojitolea amshike kidogo ili yeye aoge, alimshukuru, na hakuoga. Siku ya pili ikaja, na ikapita, mtoto akiendelea kunyonya.

Chiku alikuja na kifurushi cha nguo za Limi na ile barua. Alipiga magoti sakafuni, mwanamke mtu mzima vile, akasema kaka yake ameambiwa, na Mwasiti amepelekwa kwao Tabora. Alimtazama mtoto kwa mbali, kutoka miguuni mwa kitanda, akafuta macho, hakuomba kumshika. Habari za kumfikia Bibi Mageni kupitia Ngokolo zilitumwa kwa kondakta wa basi. Barua kwa Masele ilitiwa stempu na Philomena mwenyewe, Limi akiwa ameongeza nyuma ya ukurasa mistari miwili.

Siku ya tatu, jua limepanda, Bibi Mageni aliingia wodini na vumbi la safari hadi kwenye kope. Alisimama, akatafuta kitanda kwa kitanda, akamwona.

"Mwangaluka, mayu," Limi alimwahi kwa salamu ya asubuhi ya kwao.

"Mwangaluka, ng'wanone. Mhola?"

"Mhola. Ni msichana."

Bibi alitua mzigo wake, akakung'uta kanga, akaitandaza juu ya mikono miwili, akaileta mbele kama akina bibi wote wafanyavyo. Limi alitaka kumpa. Alijiambia moyoni mwake kwamba huyu ni mayu, mama wa Masele. Mikono ikakataa. Ilimbana mtoto zaidi, mpaka akalia.

"Nisamehe, mayu. Siwezi."

Bibi Mageni alimtazama. Aliyasikia mengi njiani kwa kondakta, na mengine aliyajua tangu siku ya chumvi. Alishusha mikono. Alizunguka kitanda taratibu, akaketi ukingoni, bega lake likagusa bega la Limi, na wote wawili wakabaki wanamtazama mtoto upande mmoja.

"Ana paji la Masele," alisema baadaye.

"Na hasira zake."

"Hizo ni zangu."

Walikaa hivyo. Nje mtu alikuwa akiwaita wagonjwa wa foleni. Mtoto alinyamaza, akajinyoosha, kidole gumba cha mguu kikachomoza chini ya kitambaa. Limi alikifunua kitambaa kidogo, akamwachia mama mkwe wake mguu mmoja.